Likizo Zetu Ndani ya Liemba

Baba alikuwa karani wa reli Kigoma, na katika miaka ile ya themanini Shirika la Reli ndilo lililokuwa likiendesha meli za Ziwa Tanganyika. Waranti yake ya likizo ilipotoka, tulisafiri sote, yeye, mama na sisi watoto, kwa njia ya maji hadi Kirando kwa bibi mzaa mama. Wenzetu wa kota za reli walikwenda likizo kwa treni, wakarudi na habari za Tabora na Dar es Salaam. Sisi tulirudi na habari za meli yetu, Liemba.

Meli iliondoka Kigoma Jumatano alasiri. Tangu asubuhi mama alikuwa amekwisha kukaanga migebuka, amechemsha mihogo, na madumu ya mawese ya kumpelekea bibi yamefungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa na kabini ya daraja la pili, lakini mle ndani mlilala mizigo na mdogo wetu wa mwisho tu. Sisi wengine tulishinda juu kwenye sitaha, au chini daraja la tatu, ambako watu walikaa juu ya magunia ya dagaa na ambako hadithi zilikuwa nzuri zaidi.

Historia ya meli tuliisikia kwa baba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika karakana ya ukoo wa Meyer, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyewahi kuwa gavana wa koloni. Ikafunguliwa vipande vipande, vikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, vikavuka bahari hadi Dar es Salaam, vikapakiwa kwenye treni ya reli ya kati. Kigoma wakaiunga upya, na 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, ila kwanza walizipaka mashine grisi nzito zisije zikaliwa na kutu. Hapo kwenye grisi ndipo baba alipopenda kusimama. Alisema fundi wa kweli ni yule anayekitunza chombo hata siku anayolazimika kukizamisha. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sisi tuliikuta ikitumia dizeli, maana mvuke ulikuwa umeondolewa miaka ya sabini.

Kitu ambacho sijapata kukiona kwingine ni vituo vya usiku. Vijiji vingi vya mwambao ule havikuwa na gati. Meli ilipiga honi, ikapunguza mwendo, ikasimama mbali na ufuko, taa zikawashwa. Hapo tena mitumbwi na maboti yalitoka gizani, yakaja mbio kugombea ubavu wa meli. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, na kwa muda wa saa nzima pakawa na kelele za kupanda na kushuka: magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mama akipiga kelele kwamba mwanawe amebaki kwenye mtumbwi, na mtoto mwenyewe akipokezanwa mkono kwa mkono juu ya maji hadi akamfikia. Mama yangu aliinama juu ya vyuma vya sitaha akiwasalimu watu kwa Kifipa hata asiowajua, akiuliza mvua imenyesha, fulani amejifungua, nani amefariki. Tulipofika Kirando alikuwa tayari ana habari za nusu ya ukoo.

Na baba! Nyumbani tulimwona kwa vipande, maana zamu za stesheni hazikujali usiku wala Jumapili. Ndani ya Liemba hakuwa na pa kwenda. Usiku mzima, mchana wote uliofuata na kipande cha usiku wa pili alikuwa wetu. Alitufundisha bao kwa kokoto. Alituonyesha nyota. Kulipokucha, milima ya Mahale ikiwa nyuma yetu, alikaa na kaka yangu mkubwa wakazungumza mambo ya shule kwa utulivu ambao sikuwahi kuusikia nyumbani. Nimekwenda mapumziko mengine ukubwani, hotelini na ufukweni, na kila mara ninachotafuta ni saa zile ambazo hakuna awezaye kushuka.

Mambo yalibadilika polepole. Sisi watoto tulikwenda shule za mbali, likizo zetu zikaachana. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, na kwa mara ya kwanza niliiona kama chombo cha kuokoa watu, wala si chetu peke yetu. Wageni kutoka Ulaya nao walizidi kuja, wengine wakivuka dunia kwa ajili ya kuipanda tu. Kisha lami ikafika Sumbawanga kutoka Tunduma, ikaendelea kuelekea Mpanda, na mabasi yakachukua abiria waliokuwa wakiisubiri meli majuma mawili.

Bibi alipofariki, kila mmoja wetu alifika Kirando kwa basi lake. Mmoja alitoka Dar es Salaam, mmoja Mbeya, wengine Kigoma. Tulizika, tukakaa matanga, na siku ya pili watu walikuwa wanaulizana basi linaondoka saa ngapi. Barabara imetusaidia, sitaki kuibeza. Mgonjwa wa Kirando leo anafika hospitali kubwa akiwa hai. Lakini siku ile baba, mzee tayari, aliuliza kama kuna mtoto wake hata mmoja aliyesafiri na mwenzake. Hakuna aliyekuwepo.

Mwaka 2015 Warundi walipojazana Kagunga kwa makumi ya maelfu, kijiji kilichobanwa na milima na ambacho wakati ule hakikuwa na barabara ya gari, ni Liemba tena iliyowafuata. Miaka michache baadaye ikasimama, ikingoja matengenezo.

Karakana ile ya Papenburg ingali hai, na siku hizi inaunda meli za starehe. Disney Dream, iliyomalizika 2010, inachukua abiria hadi 4,000. Binti yangu alinionyesha picha zake: mabwawa ya kuogelea, kumbi za sinema, familia zimevaa fulana za rangi moja. Nilizitazama kwa furaha, kwa sababu nilitambua nyuso za watoto wenye baba asiye na pa kwenda.

Serikali imeamua kuikarabati Liemba, nami nashukuru. Wapo wanaotaka iwe ya watalii tu, yenye kabini nzuri na safari fupi. Kabini nzuri ziwekwe, watalii waje. Ila daraja la tatu libaki, magunia yapakiwe, na meli isimame Wampembe na vijiji vile vingine vidogo hata kama ni saa nane za usiku, hata kama anayeshuka ni mama mmoja na mwanawe. Kaka zangu nao wamekwisha kukubali: ikirudi majini, tunakata tiketi siku moja, za kabini zinazofuatana, pamoja na watoto wetu wote.