Gitaa la Kuazima Halimlishi Mpigaji

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Walisema hivyo juu ya nguo, lakini kwa mtu anayeishi kwa muziki maneno hayo yanahusu vyombo vyake vilevile. Mpiga gitaa asiye na gitaa lake ni sawa na mkulima asiye na jembe: nguvu anazo na ujuzi anao, lakini mavuno huchukuliwa kwanza na mwenye jembe, naye hupewa kinachobaki. Nimelifikiri sana jambo hili tangu mwaka jana, wakati mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alipoamua kununua gitaa la besi pamoja na amplifaya yake, vyote vilivyokwisha kutumika, akaniomba mimi dada yake nifuatane naye mjini Arusha kuvitafuta.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya vijana. Kwetu Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, haikuwa anasa. Kijana huyu hupiga besi katika kwaya ya kanisa kila Jumapili bila malipo, na siku za Jumamosi hupiga katika harusi kwa malipo. Vyombo vya harusini havikuwa vyake. Mwenye vyombo alimwita siku aliyotaka na kumwacha siku aliyotaka, na malipo yalipotolewa, nusu ilibaki kwa mwenye vyombo kabla wapigaji wote hawajagawana nusu ya pili. Mama aliyatazama hayo kwa muda wa miaka miwili, kisha akakubali kuuza mtamba mmoja. Msomaji anayefuga anajua maana yake: mtamba ni maziwa ya wajukuu, ni ada ya shule, ni samadi ya migomba na kahawa. Fedha tuliyoteremka nayo mjini haikuwa ya kuchezea.

Utaratibu huo wa mwenye vyombo na mpigaji haukuanza leo. Historia ya muziki wa dansi nchini mwetu ni historia ya vyombo vya watu wengine. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, ngoma na amplifaya vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipohama bendi, aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Haifai kuubeza utaratibu huo, kwani uliwapa wanamuziki mshahara wa kila mwezi, tena katika miaka ya baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mtu binafsi asingeweza kwa urahisi kujiagizia amplifaya kutoka ng'ambo. Lakini ulimfanya mpigaji awe mgeni daima mbele ya chombo alichokijua kuliko mwenyewe.

Arusha nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1970 ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokwisha kupigia Jamhuri Jazz, walihamia mji huu wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Mombasa, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walijitenga wakaanzisha Les Wanyika mjini Nairobi. Anayetaka kufahamu kazi ya gitaa la besi na asikilize wimbo wao wa "Sina Makosa", ambamo besi inapigwa na Tom Malanga. Atasikia kwamba chombo hicho hakijifichi nyuma ya vingine, bali kinavibeba.

Kubeba huko kunataka nguvu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, na uzi wake mnene kuliko yote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ili sauti nzito namna hiyo isikike ukumbini, spika hulazimika kusukuma hewa nyingi, na amplifaya hulazimika kuwa na nguvu kupita ile ya gitaa la kawaida. Kwa hiyo anayenunua besi hununua vitu vitatu: gitaa lenyewe, amplifaya na spika zake, na umeme wa kuvilisha. Muuzaji aghalabu hutaja vile viwili tu. Cha tatu mnunuzi hukutana nacho nyumbani.

Kwa bahati tuliandamana na fundi redio mmoja wa Kijenge, rafiki wa marehemu baba, mtu asiyependa maneno mengi. Mfanyabiashara wa kwanza alitutolea amplifaya nzuri ya kupendeza, iliyotoka Marekani, inayong'aa kama imetoka kiwandani jana. Mdogo wangu alikwisha kuanza kutabasamu. Mzee wetu aliigeuza nyuma, akavaa miwani, akasoma kibati kilichopigwa pale: volti 120, mizunguko 60.

Ndugu msomaji, umeme wetu hapa Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya nyumbani hupokea karibu mara mbili ya kiasi ilichoumbiwa. Fyuzi ikiwa nzima, itakatika. Na kama mtu alikwisha kuifunga kwa waya, kitakachofuata ni moshi. Dawa yake ni transfoma ya kupunguza umeme, nayo hapana budi iwe na uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya: kama kibati kinasema chombo kinakula wati 400, mtu asinunue transfoma ya 400, bali ya 600 au zaidi. Hata hivyo, transfoma hiyo haibadili mizunguko. Chombo kilichoundwa kwa mizunguko 60 peke yake hupata joto zaidi kwenye 50, na harusi ya saa sita si jaribio la dakika tano dukani.

Fundi alimwuliza muuzaji kama transfoma imo katika bei. Akajibu kwamba haimo, lakini wengi wamenunua amplifaya za namna hiyo na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Mzee akavua miwani yake. "Aliyeunguza harudi," alisema, "maana anaona haya." Tukaaga.

Siku mbili baadaye tulielekezwa Kaloleni, kwa mzee mmoja aliyepiga besi mahotelini kwa miaka mingi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha chai kabla ya kuonyesha chochote. Alitueleza kwamba ujana wake wote alipigia vyombo vya waajiri, na kwamba gitaa hili alilinunua ukubwani, kwa fedha yake, baada ya watoto wake kumaliza shule. Sasa vidole vimekakamaa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa muuzaji: alianza na kasoro. Kitufe kimoja cha sauti kinakwaruza, alisema, na chuma cha tatu shingoni kimelika.

Mzee wetu wa Kijenge hakuacha kupima kwa sababu hiyo, na vipimo vyake ninaviandika hapa vimfae mzazi au kijana atakayekwenda sokoni. Alilishika gitaa kama seremala anavyoshika ubao, akatazama shingo kwa jicho moja toka kichwani hadi kiwiliwilini. Shingo iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa kukaza chuma kilichomo ndani yake; iliyojisokota haina dawa rahisi. Akamwambia mdogo wangu apige kila uzi katika kila kituo, pasiachwe hata kimoja, ili kusikia panapogonga. Akatikisa waya pale unapochomekwa. Akauliza kama gitaa linatumia betri. Na kwa kweli lilikuwa na betri ndogo ya volti 9, ambayo huendelea kuliwa maadamu waya umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Anayesahau kuuchomoa waya usiku hukuta gitaa bubu asubuhi.

Amplifaya iliwashwa ikaachwa nusu saa nzima, tukinywa chai. Hitilafu nyingi hazionekani mpaka chombo kipate joto. Alinusa kama kuna harufu ya kuungua, akasikiliza mvumo, akaibonyeza karatasi ya spika polepole kwa vidole vya mikono yote miwili ili kusikia kama inakwaruza ndani. Mwisho alisoma ukinzani ulioandikwa nyuma, yaani omu. Amplifaya hii ilikubali omu 4 na si chini ya hapo. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba hufanya omu 4, na hiyo ni salama. Kijana akiongeza ya tatu ili kelele izidi, ukinzani huanguka chini ya 3, na amplifaya huweza kufa. Tena spika ya gitaa la kawaida isibebeshwe besi, kwani itapasuka.

Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 750,000 kwa vyombo vyote. Tulikubaliana 620,000, pamoja na mfuko wa kubebea na nyuzi za akiba. Hati ya mauziano iliandikwa mbele ya mashahidi, ikatajwa aina ya kila chombo na nambari yake, kisha tukaipitisha katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mtu asione kwamba huko ni kumdharau mzee. Vyombo vya muziki huibwa, na mnunuzi asiye na hati anaweza kujikuta akijibu maswali ya polisi kwa kosa asilolitenda. Muuzaji naye hukingwa na hati hiyohiyo, kwa kuwa kasoro alizozitaja zimeandikwa.

Kulikuwa bado na ile bei ya tatu. Nyumbani kwetu umeme upo, lakini jioni, wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi, taa hufifia na volti hushuka. Tulinunua stabilaiza kabla ya kuwasha kitu. Tuliweka pia sheria za nyumba: umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na ukirudi isirudishwe mpaka zipite dakika chache, kwa sababu umeme unaporejea huweza kuja kwa kishindo. Penye jenereta, jenereta iwashwe kwanza itulie, ndipo amplifaya ifuate.

Kijijini mara nyingine hakuna jenereta, na vijana hutegemea betri ya gari. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa amperi 50 kwa saa hubeba wati 600 za saa moja. Betri za asidi hazipendi kunyonywa zaidi ya nusu, basi zibaki 300. Chombo kinachokula wati 100 kitapata saa tatu, na ukiondoa kinachopotea katika kibadilisha umeme, hesabu saa mbili na nusu. Ibada inatosha, mkesha hautoshi.

Sheria ya mwisho ndiyo mama aliyoisisitiza kuliko zote baada ya fundi kumweleza: waya wa ardhi usikatwe kamwe. Wapo wanaoung'oa ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo huondoka, lakini mpigaji anayeshika nyuzi za chuma na kuimba huku midomo yake ikigusa maikrofoni huwa ameugeuza mwili wake kuwa waya. Mvumo unavumilika.

Leo mdogo wangu huitwa harusini yeye na vyombo vyake, na malipo yake hayapiti tena katika mfuko wa mtu mwingine. Kila mara humletea mama sehemu, naye huandika katika daftari. Mtamba bado hajarudi zizini, lakini zaidi ya nusu ya bei yake imekwisha kurudi, na mwenye vyombo wa zamani sasa humtuma mtu kuuliza kama kijana ana nafasi Jumamosi ijayo.

Wazazi wenzangu wasikimbilie kusema hapana pindi mtoto anapotaja gitaa, wala wasikimbilie kutoa fedha. Na wamwulize maswali matatu: Unajua kupiga, na ni nani aliyekusikia? Kibati cha nyuma kimeandikwa nini? Umeme wake utatoka wapi? Akiyajibu yote, basi anaomba jembe, na jembe ni haki ya anayelima.