Kuachana Sio Talaka: Nilichokipata Kwenye Faili ya Mathe

Wale mmezoea nikiwachekesha na stori za makanga na landilodi, leo mnivumilie. Hii nimekaa nayo miezi kadhaa, na niliomba ruhusa kwa mathe kabla sijaiandika. Akaniambia, "Andika, lakini usiweke jina langu, na usinifanye nionekane mjinga."

Kwa hivyo nianze na hapo. Mathe sio mjinga. Ana saluni, amelea watoto wawili peke yake hapa Nairobi, na anaweza kukuhesabia hasara ya mwezi mzima kwa kichwa huku anasuka mtu. Mtu wa aina hiyo alikaa miaka kumi na tatu akidhani ametalikiana na budangu, kumbe bado ni bibi yake.

Waliachana mwaka 2010, mimi nikiwa darasa la nne. Nakumbuka pikapu, godoro limefungwa kamba, na dadangu analia kwa sababu paka aliachwa. Budangu akahamia Nakuru, baadaye tukasikia ana familia ingine huko. Hatukuwa tunaizungumzia. Fomu za shule zikija, mathe alikuwa anaweka tiki pale kwa talaka bila hata kufikiri, na mimi nikakua nikijua hivyo. Wazazi wangu walipeana talaka, kama wa nusu ya darasa letu.

Sasa, mwaka jana Anko akasema anataka waoane rasmi. Anko ni mwalimu mstaafu, bibi yake alifariki zamani, na amekuwa kwa maisha ya mathe miaka minne. Anakunywa chai bila sukari na anarekebisha Kiswahili changu, lakini ni mtu mzuri. Wakaenda Sheria House kuuliza kuhusu ndoa ya kiserikali. Kule unaambiwa mtatoa notisi ya siku 21, mlete vitambulisho, na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, alete karatasi ya kuonyesha ile ndoa iliisha vipi. Anko akatoa cheti cha kifo cha marehemu bibi yake hapo hapo kutoka kwa ile foda yake ya plastiki. Mathe akaulizwa amri ya mwisho ya talaka.

"Iko nyumbani," akasema.

Haikuwa nyumbani. Tulipindua kitanda, tukafungua sanduku la bati la shosho, tukapata hata kadi zangu za kliniki. Kitu pekee cha korti tulichopata ni risiti ya wakili ya 2011, imeandikwa kwa kalamu, na nambari ya kesi pembeni. Nikamuuliza mathe ilikuwaje. Akasema wakili alimwambia mambo yake yako sawa, asubiri kupigiwa simu. Simu haikupigwa. Maisha yakaendelea.

Kwa sababu mimi ndiye yule "hana kazi" wa familia (kuunda video sio kazi, muulizeni tu), nikatumwa kutafuta rekodi. Cha kwanza nilichofanya ni kile ambacho wewe pia ungefanya: nikaingia kwa simu. Nilidhani kuna mahali unaandika jina la mtu inakuambia ameoa, hajaoa, ameachwa. Hakuna, na ukipata ukurasa unaokuahidi hivyo kwa shilingi mia tano, ni wewe unawindwa. Kuna tovuti ya Kenya Law ambapo hukumu zinachapishwa bure, na nilipoteza usiku mzima huko, lakini kesi za talaka huwekwa kwa herufi za mwanzo za majina tu, kuficha familia. Unasoma maisha ya kina JWN na PMK na hujui ni majirani zako. Isitoshe, si kila kesi inafika pale.

Rekodi ya talaka inakaa pale kesi ilikosikizwa. Basi. Kama ni korti ya mji fulani, iko kwa masjala ya korti hiyo, kwa nambari na mwaka. Ukiwa na nambari umepona. Ukikosa, unaomba watafute kwa majina kwenye rejista za mwaka huo, na uombe Mungu wazazi wako wawe walikumbuka mwaka sawasawa. Ile risiti tuliyotaka kutupa ndiyo ilituokoa.

Mara ya kwanza nilirudishwa, nikaambiwa nije na mwenye kesi. Mara ya pili tukaenda wote, tukaandika barua ya kuomba kuiona faili, tukalipa ada, tukaambiwa faili iko stoo ya zamani, turudi wiki ijayo. Mara ya tatu karani akatokea na kitu cha rangi ya kahawia, kimefungwa uzi, kona zimeliwa na panya. Akatuonyesha benchi ya kusomea.

Nilianza na mwisho, vile mtu huangalia matokeo kwanza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili ya mwandiko mbaya: hakuna upande uliofika, kesi imetupwa kwa kukosa kuendelezwa. Mwaka 2014. Hakukuwa na amri ya kwanza wala ya mwisho. Hakukuwa na talaka.

Nikarudi mwanzo. Na hapa ndipo sikuwa nimejiandaa.

Ombi la talaka huandikwa kwa aya zenye nambari, baridi tu, kama maagizo ya kutumia friji. Mwombaji aliolewa na mjibu maombi kwa DC tarehe fulani. Wamejaliwa watoto wawili. Halafu sababu. Chini ya sheria ya zamani huwezi kwenda tu useme mmechokana. Ilibidi uonyeshe kosa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa. Kwa hivyo mathe aliandika ukatili. Aya ya tisa ilikuwa na tarehe, na ile tarehe naijua, kwa sababu ni siku mbili baada ya bathidei yangu. Ile wiki mathe alikuwa na jicho limefura na tuliambiwa ameteleza bafuni. Nilimchekelea. Nilikuwa namwita "Mama Bafu" kwa karibu mwezi mzima.

Sikuweza kumwangalia. Yeye naye alikuwa anaangalia ukuta, kuna kalenda ya benki pale. Baadaye, tukiwa kwa matatu, akasema bila mimi kumuuliza: "Sio wakili. Wakili alinipigia mara mbili. Nilijua siku ya kusikizwa nitasimama niulizwe hiyo ya tisa mbele ya watu. Nikazima simu." Halafu akamwambia konda tunashuka hapo mbele.

Naona watu wakisema mtandaoni kwamba karatasi ni karatasi, mapenzi yakiisha yameisha. Mimi pia nilikuwa wa timu hiyo. Sasa wacha niwaambie karatasi inafanya nini. Mathe ana ploti Kamulu aliyoinunua kwa chama, shilingi elfu moja moja. Kama angefariki mwaka juzi bila wosia, kwa Sheria ya Urithi mume aliyebaki ndiye wa kwanza kwenye mstari wa kuomba usimamizi wa mali, na watoto wakiwepo, yeye ana haki ya kuitumia hiyo mali maisha yake yote kabla haijatufikia. Mume aliyebaki ni nani? Si Anko. Ni jamaa wa Nakuru ambaye hajui hata Kamulu iko wapi. Na yeye pia hakuwa salama. Ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja, na ukifunga ingine juu yake, Kanuni ya Adhabu inasema hadi miaka mitano jela. Wote wawili walikuwa wanatembea na hilo deni mfukoni bila kujua.

Tukatafuta wakili mwingine, dada mmoja mdogo anayeongea haraka. Akatueleza kwamba faili ile imekufa, tuanze upya, na kwamba kuanza upya ni afadhali kwa sababu sheria ilibadilika. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliweka pamoja ndoa zote tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Wa kimila wanaweza kupitia upatanisho wa wazee kwanza. Beshte yangu wa Mombasa dadake alimalizana kwa Kadhi, kwa sababu wote ni Waislamu na walikubali kwenda huko. Sisi wengine ni kwa hakimu. Kwa ndoa ya kiserikali, mkiwa mmetengana miaka miwili au zaidi, hiyo yenyewe inahesabiwa kwamba ndoa imevunjika na haiwezi kurekebishwa. Sisi tulikuwa na kumi na nne.

Kwa hivyo aya ya tisa haikuhitajika tena. Wakili akamuuliza mathe kama anataka iwekwe hata hivyo. Mimi nilitaka iwekwe, niseme ukweli. Nilitaka iwe hapo na budangu aisome. Mathe alifikiria siku mbili, halafu akasema, "Ile nilishaandika. Iko kwa ile faili." Tulikosana kidogo juu ya hiyo, na sijui kama nimekubali mpaka leo.

Kufungua kesi siku hizi ni kwa mtandao. Tangu Machi 2024 mfumo huo uko nchi nzima, sio Nairobi peke yake. Unapakia ombi lenyewe, kiapo cha kuthibitisha, taarifa yako kama shahidi, na kopi ya cheti cha ndoa, halafu unalipa kwa simu. Cheti cha ndoa, tafadhali, kitafuteni mapema, chetu kilikuwa kwa mjomba Embu na hakuna anayejua kilifikaje huko.

Kisha mwenzako lazima apewe karatasi. Nilidhani ataendewa na mtu wa suti kama kwa sinema. Alitumiwa WhatsApp, kanuni zinaruhusu tangu 2020. Ikaingia, tiki mbili, zikageuka bluu. Dakika ishirini baadaye simu yangu ikalia.

"Kijana, mama yako amenishtaki?"

"Hajakushtaki, Baba. Ni talaka."

"Talaka gani? Si tuliachana kitambo?"

"Mliachana. Korti haijui."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mtoto anasoma kwa sauti, homuweki, ile ya silabi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kuhusu bafu, kuhusu ile tarehe. Sikuitoa. Nikamwambia tu asome, kama ana la kupinga atafute wakili ajibu kwa wakati. Hakujibu chochote, na kesi ikaendelea bila kupingwa.

Kusikizwa kulikuwa kwa video. Mathe aliingia kutoka chumba cha nyuma cha saluni, kati ya katoni za nywele, amevaa blauzi ya kanisani. Hakimu akamuuliza waliishi pamoja mara ya mwisho lini, kama kuna watoto chini ya miaka 18, kama kuna uwezekano wa kurudiana. Pale mbele draya ikawashwa na mteja ambaye hakujua nini kinaendelea, nikakimbia kuizima. Ilichukua dakika kumi na moja. Miaka kumi na tatu aliogopa kitu ambacho kiliisha kabla chai ipoe, ingawa najua ile ya 2011 haingekuwa dakika kumi na moja.

Mali hatukuguswa. Hiyo ni kesi yake tofauti, na wale mnadhani talaka ni kugawana nusu kwa nusu, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 hakuna nusu ya bure, unaonyesha ulichangia nini, na kulea watoto na kazi ya nyumbani pia ni mchango.

Kitu kimoja nusura kitupite. Hakimu alitoa amri ya kwanza, ya muda, akasema baada ya siku 30 inaweza kuwa ya mwisho. Mathe alikuwa tayari anampigia Anko simu. Wakili akamwambia ngoja: ile ya kwanza haikuachi huru, na ya pili haiji nyumbani yenyewe. Lazima uiombe, uilipie, uichukue na muhuri. Ukilala hapo, umerudi kwa ile faili ya panya.

Tuliichukua Jumatano moja. Ukurasa mmoja tu. Mathe aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za korti, akaisoma tena, akaniambia nitoe kopi nne. Moja ya Anko na foda yake. Moja ya sanduku la bati. Moja ya mkoba. Nikamuuliza ya nne ni ya nani.

"Mtumie baba yako. Na yeye ana mtu pale."

Nikaipiga picha nikamtumia. Tiki za bluu zilichukua mpaka usiku. Akajibu neno moja, "Sawa," halafu baada ya muda akauliza kama nakuja Nakuru Desemba. Hiyo bado sijaijibu.