Mkono Uliosoma: Sisi na Mkondo wa Amali





Sisi ni wanafunzi wanne wa madrasa yetu, wavulana watatu na msichana mmoja. Asubuhi tuko sekondari, jioni tunarudi hapa kwa maustadhi wetu. Tuliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, mwaka ambao Tanzania Bara ilianza kutumia mtaala mpya wenye mikondo miwili: elimu ya jumla na amali. Sisi tumo katika amali. Wawili tunasoma uashi, mmoja useremala, na dada yetu anasoma umeme wa majumbani. Wahariri wametuomba tueleze haya ni masomo gani, kwa kuwa wazazi wengi wanauliza, na wengine wakituona na ovaroli zetu wanatuonea huruma kama tuliofiwa.

SI MASOMO YA WALIOSHINDWA

Tulipotangaza chaguo letu nyumbani, maneno yalikuwa mengi. "Mtoto ana akili, mbona mnampeleka kubeba zege?" Hapana shaka waliosema hivyo walisema kwa mapenzi. Mtu akisikia neno uashi, kinachomjia kichwani ni saidia fundi mwenye karai begani, suruali imejaa saruji, analipwa kwa siku na kesho hana hakika ya kazi.

Lakini ndugu wasomaji, mafunzo haya si mageni nchini. Shule za ufundi kama za Tanga, Moshi, Ifunda na Mtwara zimetoa mafundi na wahandisi kwa miaka mingi, na VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hata sisi wa mkondo wa amali hatujaachishwa Hisabati wala Kiingereza. Tunavisoma, kisha tunavipeleka karakana vikafanye kazi.

Na kwa upande wa dini yetu, ni nani aliyesema kazi ya mikono ni aibu? Ustadh ametusomesha kwamba Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (a.s.) waliinua kuta za Al-Kaaba kwa mikono yao. Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, naye alikula kwa jasho la mikono yake, na Mtume wetu (s.a.w.) amemsifu kwa hilo. Mwenye kudharau kazi hiyo ajiulize anawadharau akina nani.

TUNAJIFUNZA NINI

Somo la kwanza lililotushangaza lilikuwa la kona. Mwalimu alitupa kamba, vigingi na futi, akatuambia tupige mraba wa msingi bila kutumia chombo kingine. Hatukujua pa kuanzia. Akatuonyesha: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha unganisha ncha hizo mbili. Zikifika mita 5 kamili, kona yako ni ya digrii 90. Zikipungua au kuzidi, kona imepinda, na nyumba nzima itapinda nayo hadi kwenye kenchi. Kanuni hiyo hiyo tuliikuta baadaye katika daftari la Hisabati, kwenye somo la pembetatu. Wenzetu wa mkondo mwingine waliikariri. Sisi tulikuwa tumeshaikanyaga.

Tumejifunza timazi kwa kusimamisha ukuta na pima maji kwa kulaza kozi. Tumejifunza kusoma ramani na kukadiria vifaa kabla ya kununua, ili mwenye nyumba asiambiwe kila wiki kuwa saruji imekwisha. Tumejifunza kuwa zege la kawaida huchanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kwamba maji yakizidi ili koleo liwe jepesi, zege hupoteza nguvu. Zege likishamwagwa halikaushwi, bali hunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Kwa sisi watu wa pwani liko somo jingine kubwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huitia nondo kutu. Nondo ikishika kutu huvimba ndani kwa ndani, zege likapasuka na kumomonyoka. Kila mmoja wetu anaijua nyumba ambayo dari lake linaacha nondo nyekundu nje kama mbavu. Watu husema ni hewa ya bahari tu. Mara nyingine ni mchanga uliochotwa bure.

Hata Qibla tumekiangalia kwa jicho jipya. Kutoka ukanda wetu wa pwani, Makka iko karibu kaskazini kamili. Anayepima msingi wa msikiti akikosea mwelekeo, ama mihrabu itarekebishwa kwa gharama, ama waumini watapanga safu mshazari miaka na miaka. Basi fundi naye ana sehemu yake katika sala za watu.

KARAI NALO NI PISHI

Sote tumehifadhi Suratul Mutaffifin tukiwa wadogo, tukajua kuwa Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wanaopunja vipimo. Tulidhani inawahusu wenye maduka na mizani zao. Karakana imetufunza kuwa karai nalo ni pishi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukifyatuliwa matofali kupita kiasi, tofali litaonekana zuri sokoni, bei yake itapendeza, na mnunuzi hataona kitu. Aliyepunja anajua, na Mola wake anajua. Sukari iliyopunjwa humkosesha mtu kikombe cha chai, lakini saruji iliyopunjwa inaweza kumwangukia usingizini.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024, sisi tukiwa mwaka wetu wa kwanza, jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Sababu za kila ajali ni kazi ya wachunguzi, si yetu. Lakini Jumatatu ile baada ya Kariakoo, hakuna aliyefanya mzaha karakanani. Mwalimu hakuhutubia. Alituambia tupime upya kokoto, na tukapima.

MGUU WA KAKA

Sasa tueleze jambo zito zaidi. Kaka wa mmoja wetu alikuwa saidia fundi kwa miaka minne. Hakuwahi kufundishwa na mtu, alijifunza kwa kutazama. Siku moja jukwaa la miti alilosimama lilifunguka kamba, naye akaanguka kutoka ghorofa ya kwanza. Hakuwa na mkataba wala kofia ngumu. Aliyemwajiri alilipa teksi ya kumfikisha hospitali, kisha hakuonekana tena. Mguu uliungwa, lakini haukurudi kama zamani.

Basi mwenzetu alipomwambia baba yake kuwa anataka uashi, mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Ujenzi umeshachukua mguu mmoja katika nyumba hii. Sitoi wa pili."

Hatukuwa na jibu. Baba alikuwa na haki yake. Aliyejibu ni kaka mwenyewe, akiwa amekaa kwenye mkeka na mguu ameunyoosha. Alisema: "Baba, mimi sikuangushwa na uashi. Niliangushwa na kutojua. Laiti kungekuwa na mtu wa kunionyesha jukwaa linafungwaje, ningekuwa juu mpaka leo. Mwache huyu asome."

Mzee hakuridhia siku ile. Alikwenda shuleni peke yake, akamwomba mwalimu amwonyeshe majukwaa na mikanda ya usalama, akaishika kamba kwa mkono wake. Aliporudi alisema mwenzetu aendelee mpaka Kidato cha Nne, kisha watazungumza tena. Hapo ndipo tulipo. Kila likizo mzee humwuliza: "Mmefundishwa nini kuhusu kupanda juu?" Na mwenzetu anajibu.

DADA YETU NA UMEME

Aliyeulizwa maswali mengi kuliko sote ni dada yetu. Je, atapanda ngazi vipi? Atavaa nini? Anavaa ovaroli pana na hijabu iliyofungwa vizuri, na masomo hayajalalamika. Bibi yake ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema: "Swichi ya chumbani kwangu imeharibika mwezi mzima, kwa kuwa sitaki mwanamume nisiyemjua aingie chumbani. Huyu mjukuu akihitimu, nitakuwa mteja wake wa kwanza." Tangu siku hiyo mama wawili wa mtaani wameshaandikisha majina yao, ingawa cheti bado.

NASAHA ZETU

Wadogo zetu mnaomaliza darasa la saba, msiuchague mkondo huu kwa kukimbia Hisabati, kwani mtaikuta imewatangulia karakana. Uchagueni kama mnapenda kuona kitu kikisimama kwa sababu yenu. Tusifiche pia kwamba vifaa havitoshi. Randa moja hungojewa na wanafunzi wengi, na siku nyingine mnafanya nadharia kwa sababu saruji imekwisha. Subira inahitajika.

Wazazi wetu, kabla ya kumpeleka mtoto shule yoyote ya amali, ingieni karakana. Ulizeni vifaa viko wapi na mwalimu wa fani ni nani.

Na kaka zetu mlio kazini bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa kwa anachokijua, hufunzwa anachokikosa, kisha hupewa cheti. Kaka wa mwenzetu tumeshamweleza. Mguu hauwezi tena kupanda, lakini jicho lake la timazi halijaumia, na fundi mwenye jicho hilo anaweza kusimamia wengine akiwa chini. Amesema anafikiria. Tunamwombea, nanyi mwombeeni.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yetu, aijaalie itoe kazi ya halali na ya amana, na azihifadhi nyumba za Waislamu na za jirani zao wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.