Kama Lilivyotumika

Kama umesomea Kenya, swali hili unalijua. Ufahamu wa Karatasi ya Pili ya Kiswahili una alama 15, na lenyewe hukungoja mwishoni, ushachoka: eleza maana ya neno kama lilivyotumika katika taarifa.

Kidato cha nne, kwenye jaribio la darasani, neno lilikuwa "amepumzika". Nikaandika: ameacha kazi ili atulize mwili. Nikakosa. Kumbe sentensi iliyotangulia ilitaja mzee mgonjwa, na iliyofuata ikataja matanga.

"Umesoma neno, hukusoma majirani zake," mwalimu akaniambia. Soma juu, soma chini, kisha weka jibu lako mahali pa lile neno uone kama sentensi bado inasimama. Kamusi hukupa maana zote. Mtahini anataka moja tu.

Mbinu hiyo ndiyo inayonilisha hadi leo. Waziri akisema "tunalishughulikia", mwanahabari hutazama ameulizwa nini kabla ya hapo.

Mwaka jana nyanya alilazwa. Maumivu yakamnyima usingizi siku tatu. Saa kumi alfajiri mjomba akapiga simu.

"Nyanya amepumzika."

"Afadhali," nikamjibu. "Basi msimwamshe."

Akanyamaza. Mjomba hajawahi kunipigia kabla ya jua kuchomoza. Sauti yake ilikuwa imekauka, na nyuma yake kuna mtu alikuwa akilia. Juu na chini ya neno, kila kitu kilikuwapo. Kusoma nilijua. Sikutaka tu.