Redio iliyosahau kode

Mnajua mwandishi wenu asubuhi anatengeneza redio hapa Birere, Goma. Juzi mama mmoja mkimbizi wa ndani, mwenyeji wa Masisi, aliniletea redio ya gari ndani ya kitenge. Gari hana. Wanaiwashia kwenye batri, na kila jioni majirani wanaizunguka kusikia kama njia ya kwao imefunguka. Walipotoa batri kuichaji, redio ikaomba kode. Aliyewauzia alishahama.

Kode inakaa ndani ya chipu ya miguu 8, aina ya 24C. Nikaibana kwa kibanio, nikachomeka mashine ya CH341A kwenye kompyuta, nikasoma: FF, FF, FF mpaka mwisho. Kijana wangu akasema chipu imekufa. Haraka yake! Mara nyingi FF tupu ni kibanio kisichoshika. Nilisugua miguu kwa alkoli, nikahakikisha waya nyekundu iko upande wa nukta. Nikasoma mara mbili, majibu hayakulingana: umeme wa mashine ulikuwa unaamsha redio nzima, nayo inaongea na chipu wakati mimi ninasoma.

Ikabidi kuing'oa kwa chuma cha kulehemu. Mkono ulitetemeka. Mguu ukikatika, nitamwambia mama nini?

Safari hii masomo mawili yakalingana. Nikahifadhi nakala kwanza, ndipo nikatafuta. Tarakimu 4, humo humo.

Mama amezikwaruza kwa msumari chini ya redio.