Somo wa mama

Hapa Nyarugusu watu wengi tumezaliwa siku moja. Angalieni kadi zetu: jirani 1 Januari, mume wake 1 Januari, mama mkwe naye 1 Januari. Mtu amevuka ziwa bila karatasi, anaulizwa mwaka, anakisia, na siku inajazwa hiyo. Simlaumu anayeandika, foleni ni ndefu. Lakini sisi Wakatoliki wa Fizi wengi tunayo tarehe. Iko ndani ya jina.

Kwetu zamani mtoto akizaliwa, katekista alifungua kalenda, na mtakatifu wa siku ile ndiye aliyekuwa somo wake. Wa 29 Juni ni Petro au Paulo, wa 26 Julai ni Anna, wa 11 Novemba ni Martini. Hata mzee asiyejua kusoma alijua siku yake, maana aliitwa kwa hiyo siku kila asubuhi. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo. Yakatoka kwenye vitambulisho, lakini nyumbani na kanisani tukaendelea kuitana hivyo hivyo.

Mama yangu aliitwa Monika. Alifariki hapa kambini, na ubishi ukaja kwenye msalaba: tuandike nini? Kaka alitaka ya kadi, 1 Januari 1961, ilingane na cheti cha kifo. Hoja yake si ndogo. Hapa karatasi mbili zisizofanana zinaweza kukutesa miaka. Kijana mmoja wa kwaya akatafuta kwenye simu, akasema Monika ni 27 Agosti. Basi, wengi wakaridhika.

Mimi nilikataa, kwa sababu mama alikuwa akisema, "Miye nilizaliwa mvua ingali inanyesha." Sasa mwezi wa nane kwetu mvua gani? Ni kiangazi, vumbi tupu.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa katekista tangu kule Kongo. Alicheka. Akaniambia kalenda ilibadilishwa: Papa Paulo wa Sita alitoa agizo mwaka 1969, na kuanzia 1 Januari 1970 watakatifu kadhaa wakahamishwa siku. Tomaso Mtume alitoka 21 Desemba akaenda 3 Julai. Matia alitoka 24 Februari akaenda 14 Mei. Na Monika alikuwa 4 Mei. Wakamsogeza hadi 27 Agosti akae jirani na mwanawe Augustino, ambaye sikukuu yake ni 28.

4 Mei! Mvua za mwisho mwisho kabisa, kama mama alivyosema.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua siku ya mzee wako kwa jina lake, uliza kwanza alizaliwa mwaka gani. Na ninyi mnaokaa nyuma ya meza mkituandikisha: bibi aking'ang'ania tarehe ambayo haimo kwenye kalenda ya leo, msifikiri anababaisha. Pengine anasoma kalenda ya zamani.

Kaka alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Cheti kiseme ya kwake." Akachukua rangi nyeupe, akaandika mwenyewe: MONIKA, 4-5-1961. Kwenye cheti bado ni 1 Januari.

Mimi ni msomaji kigangoni kwetu. Masomo ya Jumapili huzunguka miaka mitatu, A, B na C, lakini 4 Mei, iangukie siku yoyote ya juma, haitoki nje ya kipindi cha Pasaka, na somo la kwanza la kipindi hicho hutoka Matendo ya Mitume. Siku hiyo naomba zamu mapema. Mara nyingi ni watu walewale njiani: wanafukuzwa mji huu, wanapanda merikebu, wanapokelewa kwa mtu wasiyemjua, kesho wanaondoka tena. Nasoma polepole, ili na wale walio nje ya turubai wasikie.