Bangili za Mahari na Kamera ya Bei Ghali

Ilikuwa jioni ya Jumapili, baada ya Swala ya Maghribi, mdogo wangu wa kike alipokuja nyumbani kwangu na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na fomu ya mkopo, na nafasi ya jina la mdhamini ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili yangu. Alitaka kununua kamera. Mkopo ule ulikuwa wa riba, nami nikaukataa kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Hakubishana nami. Alivua bangili zake mbili za dhahabu, zile alizopokea kuwa mahari yake miaka tisa iliyopita, akaziweka mezani na kusema: "Basi, Kaka, nisaidie kuziuza hizi. Hapa hapana riba."

Nilinyamaza. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Si mume wala kaka aliye na mamlaka juu yake. Nilichokuwa nacho ni nafasi ya kushauri tu, nayo nikaitumia vibaya. Nilimpa darsa refu juu ya israfu, nikamkumbusha jinsi Surat al-Furqan inavyowasifu waja wasiofuja mali zao wala kuzifanyia ubakhili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kaka, umewahi kupiga picha usiku wa hina?"

Sijawahi, na hakuna atakayeniruhusu kuingia huko nikajaribu.

Ndugu msomaji, sitaingia katika khitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha. Hiyo ina mahali pake. Mdogo wangu huwapiga picha akina mama katika shughuli zao, kwa sababu familia nyingi hazitaki mwanamume aingie huko, wala hazitaki picha za mabinti zao zipite katika mikono ya watu wasiowajua. Kazi hiyo inalisha watoto wawili pamoja na kipato cha baba yao. Wiki ile mambo mawili yalikuwa yamemvunja moyo. Mama mmoja alimuuliza anatumia kamera gani, na alipotajiwa jina lake akampa kazi mtu mwingine. Tena picha zake za usiku wa hina uliotangulia zilitoka na chengachenga, na nyuso zikawa kama zimefunikwa na vumbi.

Kesho yake niliomba radhi kwa lile darsa, tukakaa na karatasi na kalamu. Kamera yake ni Canon EOS 700D, yenye megapikseli 18. Aliyoitamani, hata ikiwa imeshatumika, ni Canon EOS 5D Mark III, ya aina ambayo wapiga picha huiita fulu fremu. Hiyo ina megapikseli 22. Tukapiga hesabu ya karatasi. Kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, kinachotumika katika usafishaji wa picha nzuri, kamera yake inatoa picha ya takriban inchi 17 kwa 11 bila kupoteza kitu. Ile kubwa inatoa inchi 19 kwa 12 na ushei. Nikamuuliza ni mteja gani aliyewahi kudai picha ya ukubwa huo. Akacheka, akasema wengi wao huzitazama katika simu tu.

Basi tatizo halikuwa megapikseli, bali mwanga. Hapo yeye akawa mwalimu, mimi nikawa mwanafunzi. Ndani ya kila kamera kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Katika fulu fremu kina milimita 36 kwa 24. Katika kamera yake kina takriban 22 kwa 15. Kwa eneo, kile kikubwa kinakizidi chake kwa zaidi ya mara mbili na nusu, na ndiyo maana picha zake za gizani huwa safi zaidi. Hiyo ni tofauti ya kweli, wala sikuikana.

Lakini mwanga hupita kwanza kwenye lenzi. Lenzi iliyokuja na kamera yake, ukiivuta ili kuikaribia sura ya mtu, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Kuna lenzi ndogo ya milimita 50, miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, ambayo tundu lake hufunguka mpaka f/1.8. Tulipofanya hesabu tulikuta inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ile kamera iliyotaka bangili zote mbili ingemwongezea mara mbili na nusu. Lenzi ambayo akiba ya kazi chache ingeinunua, mara kumi. Zaidi ya hayo, lenzi yake ya zamani imetengenezwa kwa kamera za kibamba kidogo, wala haifungi kwenye 5D. Kwa hiyo angenunua kamera, kisha arudi dukani kutafuta lenzi.

Hesabu ya karatasi ni nyepesi, tulitaka ushahidi. Binti wa jirani yetu alikuwa akiolewa, na mama yetu na mke wangu walialikwa kwenye usiku wa hina. Mdogo wangu aliazima lenzi ya f/1.8 kwa mwenzake na kukodi 5D kwa siku moja. Kwa idhini ya bibi harusi, alipiga picha za aina tatu: kwa kamera yake na lenzi yake ya zamani, kwa kamera yake na lenzi ya kuazima, kisha kwa kamera ya kukodi na lenzi hiyo hiyo. Akazisafisha zote kwa ukubwa wa albamu bila kuandika alama yoyote mbele.

Mimi sikuziona, kwani si maharimu wa waliomo. Nilikaa barazani nikasubiri hukumu. Picha za kwanza mama na mke wangu walizitupa kando mara moja. Za pili na za tatu wakazichanganya. Mama alichagua kwa kufuata nyuso: hapa bibi anacheka, hapa mtoto amelala mapajani mwa shangazi. Mke wangu, ambaye macho yake ni makali kuliko yangu, alitambua kwamba katika baadhi ya picha vitambaa vyeusi vya kwenye pembe ya ukumbi vilitoka safi zaidi. Zilikuwa za kamera ya kukodi. Alipoulizwa kama angelipa zaidi kwa ajili ya pembe ile, alisema hapana.

Ningeweza kuishia hapo nikajiona mshindi, lakini mdogo wangu alikuwa na hoja moja ambayo sikuwa na jibu lake. Mwaka uliopita kadi yake ya kumbukumbu iligoma kufunguka baada ya nikaha, na nusu ya picha zikapotea. Alirudisha fedha, ila nikaha hairudiwi kwa ajili ya picha. Kamera yake ina nafasi ya kadi moja tu, na ile kubwa ina mbili, ikiandika kila picha mara mbili. Kwa mtu aliyepewa amana ya siku isiyorudi, hiyo si anasa. Nilikiri hivyo mbele ya mama.

Tukafikia uamuzi. Amenunua lenzi ya milimita 50 na flashi ya kuelekeza darini, ambayo humsaidia anapopiga makundi kwa lenzi ya zamani, kwa kuwa ile mpya inabana eneo na vyumba vyetu ni vidogo. Hubadilisha kadi kila baada ya sehemu ya shughuli, ili ikigoma moja zisipotee zote. Ikija harusi kubwa ya usiku, hukodi fulu fremu na kuitia gharama hiyo katika bei yake waziwazi. Ana daftari la siku za kukodi. Siku jumla ya kodi itakapoikaribia nusu ya bei ya kamera, atanunua, na kazi yenyewe itakuwa imeshaonesha kwamba inaihitaji. Yule mama aliyemkataa hakurudi, na huenda wengine watapotea kwa njia hiyo.

Siku aliyokuja kunionesha daftari lile, bangili zilikuwa mkononi mwake. Alikunywa chai, kisha akaniuliza kwa upole kuhusu amplifaya ya msikiti wetu. Kamati yetu, kwa kalamu yangu mimi katibu, ilinunua mpya ya bei kubwa kwa sababu sauti ya khutba haikusikika vizuri nyuma, na mpaka leo haisikiki. "Mlizitazama nyaya na mahali spika zilipofungwa, Kaka, kabla ya kununua?"

Hatukutazama. Nimeiandika katika ajenda ya kikao kijacho.